Kupaka, Kutia na Kukataa: Tahakiki ya Lugha ya Rangi za Nywele Gatumba

Makala haya yanahusu nywele. Tunalisema mapema ili yule aliyetarajia uchambuzi wa riwaya au wa utenzi asije akadhani amepotea njia. Muhula uliopita tuliwaagiza wanafunzi wa mwaka wa tatu wakusanye matini za kibiashara katika barabara itokayo Bujumbura kwenda Uvira. Wengi walirudi na matangazo ya simu na ya bia, kama ilivyotarajiwa. Wanafunzi wawili walirudi na kisanduku kitupu cha rangi ya nywele walichopewa katika saluni moja ya Gatumba, karibu na mpaka wa Kongo. Baadhi ya wenzetu idarani walicheka. Sisi nasi tulicheka, kisha tukakisoma kisanduku kile pande zote sita, na kicheko kikatuishia.

Gatumba wengi huijua kwa habari za msiba: mauaji ya wakimbizi ya Agosti 2004, mauaji ya Septemba 2011, na tangu 2020 mafuriko ya mto Rusizi na ya Ziwa Tanganyika ambayo yamewahamisha maelfu ya watu. Lakini Gatumba ni mji wa mpakani, na mji wa mpakani hauachi kufanya biashara. Upande wa pili ni Kavimvira, kisha Uvira. Kiswahili hapo hakisubiri mwalimu. Ndicho kinachotumika kupatana bei ya samaki, ya kitenge na ya kusukwa. Saluni zake ni vyumba vidogo vyenye kioo, viti viwili vitatu, na ubao wa nje uliochorwa kichwa cha mwanamke mwenye nywele nyingi kuliko zinavyoweza kumea kichwani mwa mtu.

Tuanze na ubao. Maandishi yake huchanganya lugha bila aibu: jina la saluni aghalabu ni la Kifaransa au la Kiingereza, huduma zinatajwa kwa Kiswahili na Kirundi, na mwaliko ni wa Kiswahili. Tunasuka, tunaweka dawa, tunapaka rangi, karibu dada upendeze. Hapa Kiswahili kina sauti yake yote: kinaita, kinabembeleza, kinajua kwamba anayepita njiani ni dada wala si mteja. Sasa geukia kisanduku kilicho ndani ya saluni hiyo hiyo. Mbele kuna picha ya mwanamke anayecheka, namba ya rangi na jina la rangi. Ubavuni, kwa herufi ndogo mno, kuna maelezo ya kutumia na maonyo, kwa Kifaransa, Kiingereza na Kiarabu. Kiswahili hakimo, na Kirundi hakimo. Kwa maneno mengine, Kiswahili katika biashara hii kimeajiriwa kukaribisha, hakijaajiriwa kuonya. Hilo ndilo tunalotaka kulijadili, na tunakiri tangu sasa kwamba tulipojaribu kulirekebisha, sisi wenyewe tulishindwa mara ya kwanza.

Biashara ya rangi za nywele za viwandani imekuwa biashara ya maneno tangu siku ilipozaliwa. Mwaka 1907 mkemia Mfaransa Eugène Schueller alitengeneza rangi aliyokuwa akiwauzia wasusi wa Paris, na mwaka 1909 akaunda kampuni. Kampuni hiyo leo tunaiita L'Oréal, lakini jina lake la kwanza lilikuwa refu: Société Française de Teintures Inoffensives pour Cheveux, yaani Kampuni ya Kifaransa ya Rangi za Nywele Zisizodhuru. Mwalimu yeyote wa isimu atalitazama jina hilo na kuuliza: ni nani aliyekuwa amesema kwamba zinadhuru? Mwenye duka la chumvi hajiiti muuza chumvi isiyodhuru. Kivumishi kile kinajibu hofu iliyokuwa tayari sokoni, kwani rangi nyingi za zama hizo kweli zilikuwa na madini ya sumu kama risasi. Kampuni ilipokua ilikiacha kivumishi, ikabaki na jina fupi lisilosema chochote. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sijui wangesemaje juu ya bidhaa inayojitembeza kwa miaka zaidi ya 100 na bado inanunuliwa.

Kampuni ile ilianza kwa wasusi, kisha ikaingia majumbani. Hadi leo ina aina za bidhaa za saluni na aina za bidhaa za mtu kujipaka mwenyewe bafuni, na lugha za bidhaa hizo mbili hazifanani. Kwa msusi inasema lugha ya namba na vipimo. Kwa mwenye nyumba inasema lugha ya moyo. Mfano mashuhuri ni kauli iliyoandikwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Ilon Specht, mwandishi wa matangazo wa New York, kwa ajili ya rangi ya nywele ya kampuni hiyo hiyo. Mwanamke katika tangazo alieleza kwamba analipa bei kubwa kwa sababu anastahili. Nafsi ilikuwa ya kwanza umoja. Baadaye ikabadilishwa ikawa nafsi ya pili, mnastahili, na baadaye tena nafsi ya kwanza wingi, tunastahili. Wanafunzi wetu walilifurahia zoezi la kufuatilia viambishi hivyo. Nasi tuliwauliza jambo moja zaidi: kwa nini kauli hiyo ikisemwa kwa Kiswahili inayumba? Ni kwa sababu kitenzi kustahili chetu hakijachagua upande. Mtu hustahili sifa, na hustahili viboko. "Nastahili" ikisimama peke yake, msikilizaji wa Gatumba atangoja umalizie: wastahili nini, mama?

Kabla ya hapo, mwaka 1956, kampuni ya Clairol ya Marekani ilileta rangi ya kujipaka nyumbani kwa hatua moja, na mwandishi wake Shirley Polykoff akaitungia tangazo lililomwuliza msomaji iwapo mwanamke wa pichani amepaka au hakupaka, kisha likajibu kwamba anayejua kwa yakini ni msusi wake tu. Tunalitaja kwa sababu ya huyo msusi. Tangazo la bidhaa ya nyumbani lilijua kwamba siri ya rangi hukaa kwa msusi. Tutamrudia.

Sasa tuje kwenye vitenzi vyetu. Kiswahili cha Gatumba, sawa na cha Dar es Salaam na Mombasa, husema kupaka rangi nywele. Kupaka ni kitenzi cha juu juu. Tunapaka mafuta, tunapaka chokaa ukutani, tunapaka wanja. Kilichopakwa hukaa juu ya kitu na huweza kufutwa. Kwa hina ya asili, na kwa rangi zile zinazotoka baada ya kuoshwa mara chache, kitenzi hiki hakina kosa kubwa. Rangi ya kudumu ya kisandukuni hufanya kazi nyingine. Amonia, au kitu mfano wake, hufungua magamba ya unywele. Chembe ndogo zisizo na rangi huingia ndani. Peroksidi ya hidrojeni huzigeuza zikaungana na kuwa chembe kubwa zenye rangi ambazo haziwezi tena kutoka. Hapo kitenzi sahihi ni kutia, kile tunachotumia kwa chumvi katika mchuzi. Kilichotiwa kimeingia. Kifaransa nacho kina mvutano wake: kampuni na wasusi wenye majina huko hupenda neno coloration, na hulikwepa teinture wakisema hilo ni la nguo. Wao wamelibadilisha neno ili bidhaa ionekane nyepesi. Sisi hatukuhitaji kulibadilisha, kwani la kwetu lilikuwa jepesi tangu mwanzo.

Neno jingine ni dawa. Katika saluni, dawa ni ile ya kulainisha nywele, na kuweka dawa ni tendo linaloeleweka bila maelezo. Dawa ni neno pana: ya meno, ya viatu, ya malaria, ya panya. Upana huo una raha yake, ila una hatari pia, maana dawa inayouma huhesabiwa kuwa inafanya kazi. Mteja akisema inaniunguza, jibu analopewa mara nyingi ni avumilie kidogo. Mazoea hayo ya kuvumilia huhama kutoka kwenye dawa ya kulainisha yakaingia kwenye rangi, ambako kuwashwa ni ishara ya mambo mengine kabisa.

Majina ya rangi yenyewe tutayapita haraka, ingawa yanachekesha. Visanduku vimejaa majina ya mvinyo na ya njugu za Ulaya. Kiswahili kina majina mazuri ya rangi yaliyotokana na vitu vya nyumbani: maji ya kunde, kahawia, zambarau, na damu ya mzee kwa ile wekundu uliokolea. Mwanafunzi mmoja alipendekeza kisanduku cha bordeaux kiandikwe damu ya mzee. Mwenzake akamjibu kwamba hakuna anayelipa pesa kuficha uzee kisha akubali kuitwa hivyo. Tukaliacha. Neno mvi, kwa bahati, halina tatizo: Kirundi kina imvi, na kila mtu wa Gatumba analielewa, wanaume wakiwemo, ambao baadhi yao humwendea kinyozi jioni ili ndevu zipakwe kimyakimya.

Kazi tuliyowapa wanafunzi ilikuwa hii: watafsiri maonyo ya ubavuni kwa Kiswahili sanifu, kisha wayapeleke saluni wakayasome mbele ya wasusi na wateja. Tunaeleza matokeo kwa urefu kwa kuwa ndiyo sababu ya makala haya.

Kwanza tueleze maonyo yenyewe yanatoka wapi. Kiini cha rangi nyingi za kudumu zilizo nyeusi ni kemikali iitwayo parafenilenidiamini, ambayo kwenye lebo hufupishwa PPD au huandikwa kwa jina lake refu. Ni kemikali inayojulikana sana kwa kuleta athari ya ngozi: kuwashwa, wekundu, malengelenge, kuvimba kope na uso, na mara chache kubanwa pumzi. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 2 katika mchanganyiko unaopakwa kichwani, na unalazimisha maonyo kadhaa kuandikwa. Ikimezwa ni sumu kali. Hospitali za Sudan na Morocco zimeandika habari nyingi za watu walioimeza, wakavimba koo na kuharibika figo. Huko Sudan pia wanawake wameichanganya na hina ili ikolee upesi. Pwani yetu ina jambo lilo hilo kwa jina la piko. Kwa hiyo matini ya ubavuni si mapambo ya kisheria. Ni matini ambayo mtu akiikosea anaweza kulazwa.

Tafsiri ya wanafunzi ilianza hivi: bidhaa hii yaweza kusababisha mzio. Sisi tuliipa alama nzuri. Mzio ni istilahi sanifu, imo kamusini, ni fupi. Iliposomwa Gatumba, wateja watano kati ya sita waliokuwepo hawakuijua, na wa sita alidhani ni mzizi. Msusi mwenye saluni, mama wa makamo, aliwasikiliza mpaka mwisho kisha akawaambia, "Wanangu, hii karatasi yenu ni ya shule." Wakamwuliza yeye humwambiaje mteja. Akasema humwuliza: "Dada, ulishaipaka? Haikukukataa?"

Tulikaa na kitenzi hicho, kukataa, kwa muda mrefu. Ukisema mtu ana mzio, tatizo umeliweka ndani ya mtu. Ukisema rangi ni sumu, umeliweka ndani ya rangi, nawe utakuwa umesema uongo kwa wengi wanaoipaka bila kudhurika. Ukisema rangi imemkataa, umeeleza uhusiano baina ya viwili, na umeueleza kwa sentensi ambayo mtoto wa miaka minane anaielewa. Watu husema vivyo hivyo juu ya chakula na juu ya vidonge. Sisi tuliokaa idarani tukibuni istilahi tulikuwa na kitenzi hiki kinywani siku zote, wala hatukukiona kuwa kinatosha kuandikwa.

Hata hivyo hatutaki kumfanya msusi awe nabii. Swali lake lina tundu, na tundu hilo ni kubwa. Anauliza kama mteja alishaipaka, na akijibiwa ndiyo, ikakubali, anaanza kazi. Lakini athari hii huweza kujengeka polepole: ngozi huikubali rangi mara tisa, ikaikataa ya kumi, na aghalabu ya kumi huwa mbaya. Lugha ya kukataa na kukubali, ambayo tumeisifu hivi punde, inabeba dhana kwamba aliyekukubali jana ni rafiki yako. Kisanduku, kwa herufi zake ndogo na lugha zake tatu, hakibebi dhana hiyo. Kinasema upime kila mara. Kwa hoja hiyo kisanduku kilikuwa sahihi na saluni ilikosea.

Kosa la pili la tafsiri yetu lilikuwa baya zaidi, na hakuna aliyeliona idarani, sisi tukiwa wa kwanza. Onyo la Ulaya linasema kwamba michoro ya muda ya ngozi iliyotiwa hina nyeusi huweza kuongeza hatari. Wanafunzi walitafsiri: chale za muda za hina nyeusi. Chale ni mikato ya ngozi, ya mganga au ya urembo wa zamani. Mteja akisikia chale anajua kwamba hahusiki, akaendelea na mambo yake. Wakati huo huo mikononi mwa mmoja wa wateja wale kulikuwa na maua meusi ya harusi ya wiki iliyotangulia. Hina ya kweli haiwi nyeusi. Huacha rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Ikiwa nyeusi tii, na imekolea kwa saa moja badala ya usiku mzima, basi imetiwa kitu, na kitu hicho mara nyingi ni unga wa rangi ya nywele. Ngozi iliyofundishwa na mchoro huo ndiyo huikataa rangi kichwani miezi au miaka baadaye. Kwa Kiswahili cha pwani neno lilikuwepo, piko, na Zanzibar wageni wamekuwa wakionywa dhidi yake muda mrefu. Gatumba wengine hulijua neno hilo kupitia jamaa zao wa Buyenzi na Kigoma, wengine husema tu hina nyeusi. Yoyote kati ya hayo mawili yangefaa. Chale halikufaa. Neno moja la tafsiri lilimtoa ndani ya onyo mtu ambaye onyo liliandikwa kwa ajili yake hasa.

La tatu ni saa 48. Kisanduku kinataka mtu apake kidogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko upande wa ndani, angoje saa 48. Wanafunzi waliandika "saa arobaini na nane" kwa usahihi kabisa. Hakuna anayehesabu hivyo. Mteja anayekwenda harusini Jumamosi huja saluni Ijumaa jioni, au Jumamosi asubuhi akiwa na haraka. Msusi alisema ukimwambia arudi baada ya siku mbili ataenda saluni ya jirani. Hoja yake ni ya kiuchumi na hatuna jibu la isimu kwayo. Lakini tuligundua kwamba "Alhamisi upime, Jumamosi upake" ilikumbukwa na kila aliyeisikia, na wawili waliirudia wakicheka kama methali. Kuhusu agizo la kusuuza mpaka maji yatoke meupe, mwandishi wake alikuwa na bomba akilini. Gatumba maji yamewahi kuingia mpaka ndani ya saluni yenyewe, na bado ya kusuuzia hununuliwa kwa bidoni. Msusi akauliza, bidoni ngapi? Kisanduku hakikusema, nasi hatukujua.

Kuna pingamizi moja tunalopaswa kulieleza, maana linaigusa hoja yetu yote. Dada wa mwenzetu mmoja, msomi, anayesoma Kifaransa kuliko sisi, alijipaka rangi nyumbani usiku wa kuamkia sherehe. Asubuhi macho yake yalikuwa hayafunguki. Alitibiwa, akapona, na sherehe akaikosa. Tulipomwuliza kama alisoma ubavu wa kisanduku, alisema alisoma namba ya rangi. Onyo lilikuwepo, kwa lugha anayoimudu, naye hakulisoma. Basi mtu atauliza, Kiswahili kingemsaidia nini? Tumelifikiria sana swali hili. Jibu letu ni kwamba lugha ya mbele ya kisanduku ilikuwa imemaliza kazi kabla lugha ya ubavuni haijaanza. Picha na jina la rangi vilimsemesha. Ubavu ulimwandikia tu. Kwa hiyo kuongeza mistari ya Kiswahili kwenye ubavu ule ule, kwa herufi zile zile, kungekuwa kutimiza wajibu bila kumfikia mtu. Wale wanaodai kila bidhaa iandikwe Kiswahili, nasi tumo miongoni mwao tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, wadai pia ni wapi na kwa sauti ya nani.

Hapo ndipo tunapomrudia msusi wa lile tangazo la 1956. Kampuni kubwa zilimfahamu kabla yetu: L'Oréal ilianzia kwake, na iliponunua biashara ya vipodozi ya Interconsumer ya Nairobi mwaka 2013 ilikuwa inanunua, pamoja na majina ya bidhaa, njia ya kufikia maduka na saluni za mitaani. Sisi walimu wa Kiswahili tumeandika kuhusu lugha ya vijana, ya wanasiasa na ya vyombo vya habari. Lugha ya mtu anayeshika vichwa vya watu kutwa nzima, na ambaye neno lake huaminiwa kuliko kisanduku, hatujaifundisha hata kwa saa moja.

Tuliiandika upya karatasi. Safari hii wanafunzi walikaa saluni siku mbili kwanza, wakasikiliza, kisha wakaandika wakiwa wamemaliza kusikiliza. Tunaichapa hapa kama ilivyo ili wasomaji wetu waikosoe:

"Rangi hii haikai juu, inaingia ndani ya unywele. Ngozi yako inaweza kuikataa, hata kama uliipaka zamani ikakukubali. Alhamisi upime, Jumamosi upake: weka kidogo nyuma ya sikio, uache siku mbili. Ukiwashwa, ukivimba au ukitoka malengelenge, usiipake tena. Kama ulichorwa piko, ile hina nyeusi, ikakuwasha, usiipake. Usiiweke kwenye nyusi wala kope. Watoto wasipakwe. Uso ukivimba au pumzi ikibana, nenda hospitali hapo hapo, na kisanduku ukibebe."

Baadhi ya wenzetu wamesema si Kiswahili cha chuo kikuu. Wengine wamelalamikia kukosekana kwa neno mzio, na wamependekeza liwekwe kwenye mabano. Tumekataa mabano, anayejua mzio hahitaji karatasi hii. Lawama tunayoikubali ni ile ya "zamani": mmoja wa wanafunzi alisema ingetosha "jana". Pia tumeulizwa kwa nini hatukuipeleka kwanza kwenye ofisi ya viwango, BBN. Tunakusudia kuipeleka, ila tulitaka ipite saluni kabla ya kupita ofisini.

Msusi aliisoma kwa sauti, taratibu, akisimama kwenye "haikai juu" na kuirudia. Aliibandika kwa gundi kwenye kona ya kioo, pale mteja anapotazama akiwa amekaa na hawezi kuondoka. Kisha akachukua kalamu ya mwanafunzi, akafuta "hospitali" akaandika jina la zahanati iliyo karibu, akatuuliza Kirundi chake kitakuwa tayari lini, maana nusu ya wanaokaa kwenye kiti kile hawasomi Kiswahili. Hatukuwa tumelifikiria. Wanafunzi wawili wanalishughulikia muhula huu.